Robi wa Turwa, vibuyu vyake na mama anayemtafuta ng'ombe mwekundu

Umande bado umelala kwenye migomba ya Turwa, na baridi ya Tarime unaijua, haikuombi ruhusa. Robi amejifunga khanga mbili, moja juu ya nyingine. Mkono mmoja umeshika ndoo, mwingine umemshika mama mzee anayesimama kila baada ya mwendo kidogo na kumtazama usoni.

"Wewe binti, ni wa kwa nani?"

"Wa kwako, mama."

"Haya. Twende basi, ng'ombe wananiita."

Kabla hawajafika zizini ataulizwa tena, naye atajibu vilevile, kwa sauti ileile, kama anayeulizwa kwa mara ya kwanza.

Robi ana miaka arobaini na kitu. Anauza maziwa mgando sokoni Tarime mjini. Hununua maziwa kwa wafugaji, huyagandisha kwenye vibuyu, na wateja wake wakubwa ni vijana wa bodaboda na watumishi wa ofisini. Soko likichangamka hubaki na kama shilingi elfu kumi. Mvua ikishinda, anarudi na vibuyu vimejaa, na majirani wanakunywa bure.

Kazi hiyo alifundishwa na huyu mama, Teresia. Na Teresia ndiye aliyemwoa. Wakurya wanaiita nyumba ntobu: mama aliyekosa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe za mahari, akaoa mke, ili watoto watakaozaliwa wawe wajukuu zake na mji wake, yaani boma lake, usipotee. Teresia alitoa ng'ombe zake, na miongoni mwao akamtoa yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, aliyempenda kupita wote.

"Nilikuja hapa hata kuosha kibuyu sijui," Robi anasema huku akicheka. "Mama alinusa kibuyu changu, akaniambia, 'Hiki kampe mbwa.' Hakunipiga. Alikaa na mimi chini, tukaosha tena."

Kibuyu cha maziwa kina taabu yake. Unakiosha kwa maji ya moto, unakisugua ndani kwa brashi ya nywele za mkia wa ng'ombe, halafu unaingiza kijinga cha moto mpaka ndani kupate moshi. Ukifanya uvivu, maziwa ya kesho yanaharibika, hata yawe yametoka kwa ng'ombe mzuri namna gani.

Miaka michache iliyopita Teresia alianza kupotea akiwa nyumbani kwake. Alitia chumvi kwenye chai. Aliwaita wajukuu kwa majina ya dada zake waliokwisha kufa. Halafu asubuhi moja akatoka peke yake, akaingia zizi la jirani, Werema, akaanza kukamua.

Kuingia zizi la mtu alfajiri, huku kwetu, si jambo la kucheka. Werema alitoka na fimbo.

"Nilisema leo mwizi nimempata," anakumbuka Werema. "Nakuta bibi amechuchumaa, anaimba! Na huyo ng'ombe ana mateke, mimi mwenyewe ananiogopesha. Kwa bibi ametulia kama amelogwa."

Habari zikafika Nyangoto, kwa Ryoba, mdogo wa marehemu mume wa Teresia. Akatuma neno: atakuja kumchukua. Huko kuna chumba, na mlango una kufuli. Akaongeza kwamba mke asiyetambuliwa na aliyemwoa hana la kusema.

Kabla hajafika, Robi alimpeleka mama kliniki, akakutana na muuguzi Veronika.

"Hajalogwa, dada, na hafanyi kusudi," Veronika alimwambia. "Ni ugonjwa wa ubongo. Kuna chembe hai zinazobeba kumbukumbu zake, lakini haziishi zenyewe tu. Zina chembe saidizi pembeni. Nyingine zinazilisha, nyingine zinasomba takataka. Ugonjwa ukiingia, hao wasafishaji wanaelemewa. Wengine wanageuka, wanaharibu hata kilicho kizima."

Robi akasema, "Kama kibuyu kisichooshwa."

"Karibu na hapo. Zamani watafiti walizitazama zaidi zile zinazobeba kumbukumbu. Siku hizi wanawatazama na wasaidizi. Wanatafuta dawa ya kuwapa nguvu, wasafishe tena vizuri."

"Hiyo dawa iko hapa?"

"Bado, dada, nisikudanganye. Wanaendelea kuijaribu, na haijulikani itafika lini. Kwa sasa mpe kazi alizozizoea, atembee, asikae peke yake, na msibishane naye. Ninyi mlio karibu naye ndio wasaidizi alionao."

Ryoba alipofika Turwa, mzee mwenye mvi, alimkuta shemeji yake amekaa uani na kibuyu mapajani, moshi unamzunguka. Mikono ilikuwa haijasahau kitu. Ryoba akamsalimia. Teresia akainua macho, jina halikuja, lakini kitu kingine kikaja.

"We mura, kijana wewe! Maziwa ya ndama umeyamaliza tena?"

Werema, aliyekuwa amesimama kwenye uzio, akacheka mpaka akashika mti. Ryoba hakucheka. Alikaa chini taratibu. Alikuja kwenye mji huu akiwa mtoto, na maziwa hayo kweli alikuwa akiyaiba. Aliyekuwa akimfukuza na mwiko ni huyu huyu.

"Baba, muuguzi anataka aendelee na kazi alizozizoea. Ukimfungia, kibuyu ataoshea wapi?" Robi akamwuliza.

Mzee akasema, "Abaki. Lakini asitoke peke yake."

"Na zizini kwangu aje," Werema akadakia. "Yule wa mateke ni wake kila asubuhi. Mimi nimechoka kupigwa."

Ndiyo maana leo wako hapa zizini kwa Werema, mama na mke wake. Teresia amechuchumaa, anaimba chinichini, na povu linapanda kwenye ndoo.

Robi ana mpango. Anaweka akiba anunue mtamba, mwekundu kama akipatikana. "Baka likikosekana si neno, macho ya mama nayo yamechoka," anasema. "Nataka hiyo dawa ikifika Tarime, imkute nje, anakamua wa kwake. Isipofika, basi, atakuwa amekamua."

Teresia anasimamisha mikono.

"Ng'ombe wangu mwekundu yuko wapi?"

"Ulimtoa mahari, mama."

"Nikapata nini?"

"Ukanipata mimi."

Teresia anamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, bila haraka, kama mtu aliye mnadani.

"Sikupunjwa," anasema. "Shika ndama."