Jiko Lililorudishwa

Katika kusoma riwaya nina kanuni moja ambayo sikuilegeza tangu siku ya kwanza ya ualimu hadi nilipostaafu: anayedai jambo ataje ukurasa. Asiye na ukurasa analeta uvumi, na uvumi siusahihishi.

Kwa kanuni hiyo niliwasomesha wasichana wawili wa kidato cha tatu kila Jumamosi, barazani kwangu, huku juu Meru kwenye migomba na mibuni. Mmoja ni mjukuu wangu, anayeishi Kimandolu na mama yake, binti yangu, ambaye ni mfanyabiashara. Wa pili ni rafiki yake wa darasani, mtoto wa fundi wa kuchomelea mageti kule Ngarenaro. Walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa riwaya ya Kiingereza inayosomwa na vijana wa nchi nyingi, habari za mji mmoja ambamo mali za wazazi zimewagawa watoto hata wakawa maadui. Nakala ilikuwa moja, ya kwangu. Waliiinamia pamoja, vichwa vikigusana.

"Hawa matajiri si wabaya wote," mjukuu wangu alisema siku moja. "Wanawahurumia wenzao."

"Ukurasa wa ngapi?" mwenzake akamuuliza kabla sijafungua mdomo.

"We naye! Umeshakuwa Babu?"

"Babu ana ndevu. Mimi nataka ukurasa."

Mjukuu wangu aliutafuta hadi chai ikapoa, asiupate.

Ikafika Sikukuu ya Mavuno. Katika usharika wetu asiye na fedha huleta ndizi, mayai au jogoo, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Ni desturi pia kwamba aliyenunua anaweza kumkabidhi mgeni kile alichokinunua, watu wakapiga vigelegele. Msichana yule, ambaye husali kanisa jingine lisilo na mnada, alialikwa na mjukuu wangu. Baba yake hana shamba, kwa hiyo alimpa mavuno ya karakana yake: jiko la mkaa, jipya, lenye miguu iliyonyooka kweli.

Jiko liliponadiwa, binti yangu alipandisha bei hadi wengine wakanyamaza. Kisha akalibeba jiko, akavuka uwanja, akamkabidhi msichana yuleyule aliyelileta. Vigelegele vikapigwa. Msichana alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mama," akatazama chini.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili.

"Wanasema anaringa," mjukuu wangu alinieleza.

"Nani amesema?"

"Watu tu, Babu. Darasani."

"Wewe umemwuliza?"

Hakuwa amemwuliza. Mtihani ulikuwa umekaribia, na yule msichana hakuwa na kitabu kingine cha kusomea. Nikateremka Ngarenaro kujionea.

Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya karakana. Jiko lilikuwa chini ya benchi, halijawahi kuwashwa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mbona umetuacha?"

"Sadaka ya baba ilikataliwa, Babu. Mbele ya watu."

"Haikukataliwa. Ile ni heshima tunayompa mgeni."

"Nani mwingine alipewa siku ile?"

Nilikuwapo, sikuhitaji kuhadithiwa. Mchungaji mgeni kutoka Terrat alipewa jogoo. Mjane jirani yetu, aliyeezuliwa paa na upepo, alirudishiwa ndizi zake mwenyewe. Nikamwambia.

"Mchungaji alipewa kwa heshima," alisema. "Mjane je?"

Nikalitazama jiko chini ya benchi.

"Basi mimi nilikuwa kama mchungaji au kama mjane?"

Swali lilikuwa halali. Vigelegele vilikuwa vilevile kwa wote watatu, na mimi sikuwa na ukurasa wa kumwonyesha.

Baba yake alizima mashine, akavua miwani, akanisalimu kwa adabu. Nilimwambia nimekuja kununua jiko. Akainama, akalitoa lile la chini ya benchi, akalifuta vumbi kwa shati lake.

"Chukua, Mwalimu. Hulipi."

"Nitalipa. Ni kazi ya mikono yako."

"Na wewe unayemfundisha mwanangu bure, hiyo siyo kazi?"

Nikasisitiza. Naye akasisitiza, kwa sauti ya juu zaidi, hata madereva wa bodaboda wakageuka. "Mzee, pokea tu!" mmoja akanipigia kelele. "Usimtie mwenzio aibu!" Wakacheka. Nikapokea kwa mikono miwili. Fedha ilibaki mfukoni mwangu, nami nikatazama chini.

"Umeona, Babu, inavyokuwa?" msichana aliniuliza polepole. Hakuwa akinidhihaki.

"Nimeona."

"Jumamosi nitakuja. Ila kanisani kwenu siji tena."

Alikuja kweli. Nilikuwa nimeshaliwasha jiko la baba yake, chai ikichemka juu yake. Alilitazama. Mjukuu wangu alisogea kwenye mkeka ili kumpa nafasi mbele ya kitabu. Mwenzake akaketi upande wa pili, akafungua mkoba, akatoa riwaya nzima iliyotolewa fotokopi na kubanwa kwa pini.

"Si tungesoma hiki hiki?" mjukuu wangu akauliza.

"Nina changu," alijibu. "Tuliishia ukurasa wa ngapi?"