Swali la Kila Asubuhi Wodini

Mama alikuwa na siku sita bila kupata choo tulipomtoa Iguhu kumpeleka hospitali mjini Kakamega. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, na daktari wa upasuaji bado alikuwa Mzungu. Alilibonyeza tumbo, gumu kama ngoma, akaniambia kwa Kiingereza kwamba utumbo umejisokota. Wangempiga bomba la maji ya sabuni. Asipopata choo kufikia asubuhi, apasuliwe mara moja, kabla utumbo haujaoza.

Asubuhi maswali ya daktari yalipitia kwa dresa wa wodi, msaidizi wa kusafisha na kufunga vidonda. Dresa huyo alikuwa mume wa dada yangu.

Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Sasa mkwe alisimama kando ya kitanda, macho yake dirishani.

"Daktari anauliza kama mama amepata choo."

Mama aligeukia ukuta. "Nimepata."

Haya niliyapata saa sita, wakati wa kuona wagonjwa, kutoka kwa mama mmoja wa Kabras aliyelazwa kitanda cha pili na mguu uliovunjika.

"Mwalimu, hicho choo cha mama yako kilipita wapi? Sisi hapa hatujasikia hata upepo!"

"Nyamaza wewe, shughulika na mguu wako," mama akasema. Kisha akaninong'oneza, "Ulitaka nimwambie nini? Si ndiye alimwoa mtoto wangu?"

"Basi mimi nitamwambia daktari."

"Uniaibishe mbele ya mkwe? Ukifanya hivyo, usiniite mama tena."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nikifundisha darasa la saba, na Kiingereza changu kilitosha kabisa. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba pengine bomba lingefanya kazi usiku huo. Kesho yake swali lilikuwa lile lile, na jibu pia.

Siku ya tatu nilimkuta anatapika maji ya kijani yenye harufu ya choo. Nikakimbia kwa daktari, nikasema yote. Hakunigombeza. Alipasua mchana huo huo, akakata kipande cheusi cha utumbo, na ncha iliyobaki akaitoa nje ubavuni ili choo kipitie hapo. Ila sumu, alisema, ilikuwa imekwisha kuenea tumboni.

Nilimfuata shemeji nyuma ya jiko la hospitali.

"Wewe hukujua?"

"Nilijua, shemeji. Beseni lilikuwa kavu siku zote."

"Na ukanyamaza?"

"Ningeanzaje kumsema mama mkwe kwa habari ya choo? Wewe uliweza?"



Kusafisha lile tundu ubavuni ilikuwa kazi ya dresa. Mama alikataa asiguswe naye, kwa hiyo lilingoja mpaka nije saa sita. Nilikuta shuka limelowa, na yule mama wa Kabras hakutania tena.

Siku ya nne baada ya kupasuliwa daktari alisema hana la kuongeza, tumpeleke nyumbani. Machela ilihitaji watu wawili, na mkwe alipangiwa upande wa kichwa. Kabla ya kuinama kuishika, alimfunika mama uso kwa leso, angali anapumua.