Sufuria ya Bibi na Rangi ya Serikali

Mama yangu alikuwa hawezi kuona sufuria chafu akanyamaza. Hata akienda kuhani msiba, macho yake yalikuwa jikoni kwa watu, na mara nyingi alirudi nyumbani akiyasema masizi ya wenye nyumba kuliko kumsema marehemu. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu bila ya wazimu wake huo wa kusugua nisingekuwa na hadithi ya kusimulia, na huenda harusi yangu ingekuwa harusi kama nyingine.

Tulikaa Mlandege, nyumba ya chini, baraza mbele na ua nyuma. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alipika kwa watu, harusi, hitima na maulidi, nami nilikuwa mkono wake wa kulia tangu nilipojua kukaa juu ya mbuzi nikakuna nazi bila ya kujikuna vidole. Miaka hiyo ya hamsini ofisi ya mji ikaanza kuchimba mitaro ya maji ya mvua upande wetu, na akatafutwa mtu wa kuwapikia wachimbaji chakula cha mchana. Mjomba, kaka yake mama, akaiomba kazi ile kwa jina lake, maana nani wakati ule angempa mkataba mwanamke wa buibui? Kazi akaifanya mama. Mjomba alitia sahihi na maneno mengi, na hivyo ndivyo walivyogawana mambo maisha yao yote.

Vyombo vilitoka serikalini. Zilikuja sufuria nne za shaba, kubwa na mpya, juu ya gari la hamali, zikigongana njia nzima hata watoto wakatoka mbio wakidhani ni ngoma ya beni. Nyuma ya gari akaja bwana stoo kwa miguu. Alikuwa mtu mwembamba, kanzu yake imepigwa pasi, koti juu, na funguo nyingi kiunoni. Watu walimwogopa kuliko walivyompenda, lakini hakuna aliyekuwa na la kumsingizia. Kitu cha serikali kwake kilikuwa amana, hata kikiwa ndoo iliyotoboka.

Alisimama barazani petu akatusomea masharti kwa sauti ya khutba. Sufuria hizi ni mali ya serikali. Sisi tumepewa kuzitumia, hatukupewa kuzimiliki. Zisiuzwe, zisiwekwe rehani, zisiazimwe mtu. Na kazi itakapomalizika, kila chombo chenye alama ya serikali kirudi stoo kikiwa kitupu na kisafi. Mjomba aliitikia naam kwa kila sharti. Mama, nyuma ya mlango, alivumilia yote mpaka lilipofika hilo la kisafi. Aliudhika siku nzima. Yeye wa kuambiwa arudishe chombo safi, tena na mwanamume!

Basi akaanza kwa kuzisugua hizo hizo mpya. Alisema zina mafuta ya kiwandani. Akazipiga majivu na ukwaju mpaka zikawa zinatutazama, akazipanga barazani zikauke. Halafu akasimama akaziangalia, na wivu ukamshika. Alikwenda ndani akaitoa sufuria ya bibi.

Hii ilikuwa sufuria ya mama yake, ya shaba vile vile, nzito, tumbo pana, na kubwa kuliko zote nne. Kwetu hakuolewa mtoto wa kike ila wali wa harusi yake umepikwa mle. Bibi aliolewa kwa sufuria ile, mama na mama zangu wadogo pia. Na kwa kuwa vyombo vya harusi huazimwa mtaa mzima na kila nyumba ina alama yake, bibi aliitia ya kwake, nukta tatu za patasi karibu na mkono, zimekaa kama mafiga. Mama hakutaka ya serikali ing'are kuliko ya mama yake. Akaisugua, akaiweka mwisho wa safu, akaingia ndani kusali. Mimi nilikuwa ua wa nyuma napepeta mchele.

Ndipo akaja mtu wa rangi. Alikuwa ametumwa na ofisi kutia alama sufuria za mpishi wa Mlandege, na hakuambiwa ngapi. Alikuta sufuria zinang'ara safu moja, akapaka safu nzima. Tulipotoka, zote tano zilikuwa na alama nyekundu karibu na mkono, na ile ya bibi imepakwa pale pale penye nukta tatu, rangi nzito, imezifunika kabisa.

Mama hakukasirika. Alicheka, akasema afadhali, sasa nani atathubutu kuichukua kwa makosa? Hata mimi niliiona imependeza.

Miezi ile naikumbuka kwa furaha hadi leo. Alfajiri moshi wa kuni za mikoko ulijaa uani, tukilia na kucheka pamoja. Tulipika wali na mbaazi za nazi, au mchuzi wa papa mkavu ulionukia mpaka Darajani, na Ijumaa tukijitutumua kwa kipande cha nyama. Wachimbaji wengi walikuwa watu wa shamba, na wa Tumbatu walikuwamo, na kila mmoja aliapa kwamba kwao ndiko kunakoliwa vizuri, huku anaomba kuongezwa. Walijua ukoko wa sufuria ya bibi hauna mfano. Walikuwa wakiugombea kama watoto, watu wazima na ndevu zao, mpaka mama akaweka zamu. Mmoja aliwahi kunitumia salamu kwamba kama ukoko ule ni kazi yangu, yeye yuko tayari kuleta posa. Nikamjibu amechelewa.

Kweli alikuwa amechelewa. Nilikuwa nimeshaposwa na fundi wa cherehani ambaye watu wake walikuwa Kendwa, na Kendwa hawaji harusini wawili watatu. Walishatuma habari kwamba wanakuja wote. Mtaro ukamalizika wakati harusi imeshakaribia, na hapo bwana stoo akaja kuangalia vyombo kabla ya kuvirudisha.

Akazikuta tano badala ya nne, zote zina alama, akaridhika kwamba hakuna iliyopungua. Mama akamwambia moja ni yake. Akauliza ipi, akaonyeshwa. Akainama, akaitazama ile rangi, akainuka.

"Hii ina alama," alisema.

Mama akamweleza kuhusu kusugua, na baraza, na mtu wa rangi. Akamwambia chini ya rangi hiyo mna nukta tatu za mamake, akwangue aone.

"Dada yangu, kukwangua alama ya serikali ni kosa," bwana stoo akasema kwa upole. "Siwezi mie, na wewe usithubutu. Chenye alama kinakwenda stoo."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, tungemchukia tukapumua. Alipoondoka, mama alikaa juu ya kibao cha mbuzi, nami nikaingia chumbani nikalia. Sikuwa nalilia shaba. Nilikuwa naona wanawake wote wa kwetu waliolewa kwa sufuria ile, mimi peke yangu niolewe kwa sufuria ya kuazima, na watu wa Kendwa wasimame uani wanauliza ile inayosifiwa iko wapi. Nilimkasirikia mtu wa rangi, nikaikasirikia serikali nzima, na kwa kuwa serikali ilikuwa mbali, nikampigia kelele paka.

Majirani walikuja na ushauri. Mmoja alisema isuguliwe usiku, asubuhi rangi hamna. Mwingine alisema itafutwe sufuria kuukuu ipakwe nyekundu ipelekwe badala yake. Mama akakataa yote. Alisema akigusa rangi ile kwa mkono wake, kesho ataambiwa amegusa na mengine, na yeye hajawahi kuvunja amana ya mtu. Aliyasema haya anakoroga uji, na nilimwona ghafla mwiko umesimama. Akaniuliza yale masharti yalisemaje, chombo kirudi vipi?

Nikamjibu, kitupu na kisafi.

Akaendelea kukoroga, sasa anatabasamu.

Siku ya kurudisha vyombo tuliamka mapema tukapika pilau ya kuku, si ya wachimbaji, ya kweli, mdalasini, hiliki, karafuu na zabibu ndani. Tuliipika katika sufuria ya bibi mpaka ikajaa. Zile nne za serikali mama alizisugua kwa mara ya mwisho, kazi ya kukomoana hasa, ungeweza kujitia wanja humo. Hamali wakazipakia, na ya bibi ikapakiwa mwisho, imefunikwa sinia na kitambaa cheupe. Mama alimwita mjomba pembeni akamfundisha la kusema, na akamwapisha, kwa mara moja tu katika umri wake, asiongeze neno.

Yaliyotokea ofisini tuliyasikia kwake baadaye, na maneno aliyozuiwa kule aliyalipia nyumbani. Anasema walifika saa ya chakula, makarani na matarishi wana njaa. Akazishusha nne, akasema hii amana yenu. Bwana stoo akazikagua moja moja, akajiona uso humo, akazipokea. Kisha ikashushwa ya tano, nayo harufu imeshatangulia vyumba vyote. Mjomba akasema, na hiki chakula kutoka kwa dada.

Bwana stoo aliiangalia ile alama nyekundu, akafunua kitambaa, akafunika.

"Stoo haipokei chakula," alisema.

Mjomba anasema hapo ulimi ulimwasha mpaka akauuma. Alinyamaza kama alivyoapishwa. Chombo kilitakiwa kirudi kitupu, nacho hakikuwa kitupu. Kukimwaga chakula cha watu hakuna Mwislamu angeagiza. Kukirudisha bila ya kukionja ni kumtukana aliyepika. Makarani wote walikuwa wameshanawa mikono.

Wakala. Walikaa mkekani kuzunguka sinia, wakubwa na matarishi pamoja, na bwana stoo naye akala, mwanzo kwa ncha za vidole, halafu akakunja mikono ya kanzu. Na alipokula tu ilikuwa imekwisha, naye alijua. Mji huu, ukiletewa chakula, chombo unakirudisha kwa aliyekuletea, nacho hukirudishi kichafu wala hukirudishi hivi hivi kitupu. Mtoto wa miaka mitano anajua. Masharti yake yalitaka kile chenye alama kibaki, na tumbo lake lilikuwa limejaa pilau ya mwenyewe. Mjomba anasema aliikodolea macho ile sufuria muda mrefu, kisha akaagiza ipelekwe nyumbani kwake ikasuguliwe ndani, nje isiguswe, mpaka ajue la kufanya.

Basi tukangoja. Mama alijifanya hangoji. Mimi nilikuwa nimeshawekwa ndani, nimepakwa liwa mwili mzima, siruhusiwi kutoka wala kuchungulia, na kila gari la hamali likipita nilikuwa dirishani. Somo yangu, bibi mmoja mkali aliyepewa kazi ya kunifunda, alichoka kunirudisha kitandani. Nilianza kujizoeza maneno ya kuwaambia watu wa Kendwa.

Ilikuja asubuhi, juu ya kichwa cha mchukuzi, imefungwa leso mpya. Mama alifungua fundo kwa meno. Ndani mlikuwa na halua, nyingi, bado ina joto. Lakini sote hatukuitazama halua. Sufuria ilikuwa inawaka, ndani na nje, tako na mikono. Pale karibu na mkono hapakuwa na rangi hata chembe. Palikuwa na nukta tatu, zimekaa kama mafiga.

Mama alipitisha kidole juu yake, mara ya kwanza na ya pili, akakaa chini palepale sakafuni akalia kwa kucheka. Nami nikatoka chumbani na liwa yangu, somo anapiga kelele nyuma, nikamkumbatia, nikamchafua kanga.

Siku ya harusi Kendwa walikuja kweli wote, na wali ukawatosha ukabaki. Bwana stoo alikuja pia, akakaa na wanaume nje. Mkewe aliingia ndani kunitazama. Alikuwa mama mfupi mnene, mwenye mikono mikavu ya mtu anayejua majivu. Nikamwambia shikamoo bila ya kuinua macho, akasema marahaba mwanangu, akakaa karibu yangu kitandani. Nilikuwa sitakiwi kusema, nikashindwa. Nikamuuliza kwa kunong'ona, bwana alisema nini alipoona?

Akainama sikioni pangu.

"Aliniuliza sufuria iko wapi, nikamwambia nshairudisha kwa wenyewe. Akaniuliza, na ile rangi? Nikamwambia, mume wangu, mie sirudishi chombo cha watu kichafu."

Somo alinifinya paja, kwa kuwa bi harusi hacheki. Nje nilimsikia mjomba, maneno yamemrudi yote, anamsihi bwana stoo asiondoke kwanza, ukoko unakuja.