Sindano Masikioni, Mama Mkwe Kitanda cha Pili

Nilipoamua kuacha sigara, nilienda Ruiru kwa sababu moja tu: huko hakuna aliyenijua. Mimi ni mtu wa Kamenu, Thika, na kazi yangu ni kwenye kiwanda cha maboksi. Thika yote, kuanzia mlinzi wa geti letu hadi mama anayetuuzia chapati, ilikuwa imenisikia nikitangaza kwamba nitaacha kuvuta kwa akili zangu mwenyewe, bila dawa wala daktari. Mke wangu alikuwa amelisikia tangazo hilo mara nyingi mpaka akawa anajibu "sawa" bila kuinua macho kwenye sufuria. Mwanaume aliyejigamba namna hiyo hawezi kuonekana akipanda ngazi kwenda kudungwa sindano masikioni ili aache sigara.

Aliyenielekeza ni dereva wa folklifti, ile gari ya kuinulia mizigo, pale kazini. Jamaa huyo alikuwa akitoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Siku moja nikamkuta nyuma ya stoo, mahali petu pa kuvutia, akitafuna karoti.

"Umekuwa sungura?" nikamuuliza.

"Nilidungwa," akasema bila aibu. "Ruiru, juu ya duka la dawa za mifugo. Hata haiumi. Ni kama kuumwa na mbu mwenye adabu."

Daktari wa sindano alikuwa mama mfupi mwenye miwani na mikono yenye joto. Kabla ya kunigusa aliniuliza maswali kama karani wa polisi. Huwa unavuta wakati gani? Nikamwambia, baada ya chai. Na wakati mwingine? Baada ya ugali. Na mwingine? Nikikasirika.

"Na siku usipokasirika?"

"Navuta nikingoja kukasirika."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia, sasa bila kucheka, kwamba sindano zingenisaidia kutuliza hamu, tena si kwa kila mtu, lakini hazingenitoa nyuma ya stoo. Hiyo ilikuwa kazi ya miguu yangu. Nipunguze chai ya rangi kali, ninywe maji, nitembee baada ya chakula cha jioni badala ya kukaa pale ninapokaa na sigara, na nitafutie mikono shughuli. Akanidunga vijisindano vyembamba kama nywele, masikioni na kwenye mikono, na kweli sikulia. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu nimechelewa kazini. Akasema sawa.

Ziara ya pili ndiyo iliyoniharibia mipango. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, katikati pazia la bluu. Nilikuwa nimelala chali, sindano zimesimama masikioni kama miiba ya nungunungu, nimeambiwa nisitikisike, wakati mgonjwa mwingine alipoingia upande wa pili. Nikasikia viatu vikivuliwa. Nikasikia kitanda kikilalamika. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke ikinong'ona maombi.

Sauti hiyo niliijua. Ndiyo iliyoniombea siku ya arusi yangu, tena kwa kirefu. Ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao Gatongora. Wakati wa mahari, mama huyu aliwatuma wajomba waulize kama kijana huyu anatumia kitu chochote, na wazee wetu wakaapa kwamba ni soda peke yake. Nilikuwa nimewakimbia watu wa Thika nikasahau kwamba Gatongora na Ruiru ni kitu kimoja. Niliruka majivu nikakanyaga moto.

"Haya mama," daktari akamuuliza, "umenusa ugoro tangu tuonane?"

"Kidogo tu, daktari. Nilikuwa naangalia kama bado ni mbaya."

"Na ukaonaje?"

"Bado haijakuwa mbaya sana."

Ugoro! Mama aliyewahi kuwafukuza vijana wa kwaya kwa sababu ya harufu ya bia! Nilijaribu kuzuia kicheko. Nikaziba mdomo kwa akili tu, maana mikono ilikuwa na sindano. Kicheko kikageuka kikohozi, na si kikohozi cha kawaida bali kile changu cha miaka mingi, kinachoanza kama pikipiki iliyokataa kuwaka.

Upande wa pili mazungumzo yalikatika.

"Haiya," ile sauti ikasema polepole. "Hiyo kikohozi naijua. Ilikohoa arusi nzima ya msichana wangu."

Sikuwa na pa kukimbilia. "Shikamoo, mama," nikasema. Sijui kwa nini. Kwetu hatuamkiani hivyo kabisa, lakini hofu hukupa Kiswahili usichokuwa nacho.

"Usifungue hiyo pazia!" akafoka. "Mkwe hawezi kuniona nimelala hivi na sindano kwa masikio. Wewe kaa huko, na mimi nikae huku."

Daktari alituangalia, akatoka nje haraka. Nilimsikia akicheka kwenye ngazi.

Mama mkwe ndiye aliyeanza.

"Msichana wangu anajua uko hapa?"

"Hapana, mama. Yeye anajua naacha kwa nguvu zangu."

"Mm. Na kanisa haijui mimi natumia hiyo kitu. Sasa wewe umenishika, na mimi nimekushika."

"Ni kweli, mama."

"Basi hatujaonana."

"Hatujaonana," nikakubali, na kwa kweli hatukuwa tumeonana.

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Hiyo hamu huwa inakuja saa ngapi kwako? Yangu ni asubuhi. Inanisumbua sana, baba." Nikamwambia yangu huja baada ya chakula. Tukapatana: ikimzidi atanipigia simu, ikinizidi nitampigia.

Hivyo ndivyo mimi, niliyekuwa nikimuogopa mama huyo kama hakimu, nilivyoanza kuongea naye kila siku. Yeye alinipigia jogoo wakiwika, akiniambia amechuma sukuma yote shambani na bado pua inamwasha. Nami baada ya chakula cha jioni nilitoka kutembea mitaa ya Kamenu, simu sikioni, nikimsimulia kila kioski ninachokipita bila kusimama. "Pita!" alikuwa akiniamuru. "Umepita? Sasa kunywa maji." Mikono niliipa njugu karanga za maganda. Nyuma ya stoo sikurudi. Nilianza kula chakula cha mchana na wasichana wa ofisini, ambao hawakufurahia maganda yangu.

Mke wangu aliona mume anayetoka kila jioni na simu, akiongea kwa sauti ya chini na kucheka. Hakuuliza. Nilidhani sina shida.

Shida ilikuwa mbegu. Daktari alikuwa na desturi ya kutubandikia vimbegu vidogo masikioni kwa plasta, hamu ikija uvibonyeze. Jumapili moja tulialikwa Gatongora, familia nzima. Mimi nilivaa mavin, kofia ya sufu, jua likiwaka la kukausha mahindi. Mama mkwe alikuwa amefunga kitambaa kichwani mpaka karibu na mashavu. Tulikula tukikwepana macho kama wezi wa ng'ombe mmoja. Baada ya chai, hamu ilinijia, mkono ukapanda wenyewe chini ya kofia, nikabonyeza. Nikainua macho. Ng'ambo ya meza, mama mkwe naye alikuwa na kidole ndani ya kitambaa, anabonyeza.

Mke wangu alituangalia, mmoja kisha mwingine. Akainuka, akanivua kofia. Akamwendea mama yake, akasogeza kitambaa.

"Mami, hii ni nini?"

"Dawa ya presha," mama akajibu bila kupepesa.

"Na huyu? Pia ana presha?"

"Wewe ndiwe presha yake."

Meza nzima ilicheka isipokuwa mke wangu. Akakaa chini, akamshika mama yake mkono. "Mami, nimefua aproni zako tangu nikiwa darasa la tano. Unafikiri hiyo ugoro kwa mfuko nilikuwa nadhani ni pilipili?" Kisha akanigeukia. "Na wewe. Nilifikiria una mwanamke. Nikaangalia simu yako nikaona ni mamangu. Nimekaa wiki nzima sijui nilie ama niende kwa pasta."

Mama mkwe alijifunika uso kwa kitambaa. Nilidhani analia, kumbe mabega yanatetemeka kwa kicheko. Tangu siku hiyo hatukujificha tena. Mke wangu ndiye aliyekuwa akitukumbusha siku za sindano, na kutembea jioni tukawa tunatembea wawili.

Kama ni sindano, au maji, au njugu, au sauti ya mama ikisema "pita", mimi sijui. Ninachojua ni kwamba yeye aliacha kabla yangu. Na pua yake ilipopona, ndipo mateso yalipoanza. Mama aliyekuwa hanusi hata githeri ikiungua sasa ananusa kila kitu. Anajua nani alikunywa nini, na nani amevaa soksi za jana.

Nilikuwa karibu kufaulu nilipoteleza. Tulimzika mwenzetu wa kazini, na mtu akanipa sigara nje ya geti, nikavuta nusu. Nilioga. Nilipiga mswaki. Nilikula chungwa pamoja na maganda yake. Siku iliyofuata nikaenda Gatongora kumpelekea mama mkwe unga. Alikuwa mlangoni. Sikuwa nimefika hata kwenye ngazi alipoinua pua juu, akavuta hewa.

"Simama hapo hapo," akasema.

Nilikula chakula changu nje siku hiyo, nimekaa kwenye kigoda, kuku wake wakinizunguka. Alinitupia karoti kwa dirisha. Sijavuta tena.