Mbuzi Asiyepiga Hodi

Juma hili nilikuwa katika duka la vitabu Kibokoni bibi mmoja alipoweka juu ya kaunta kitabu cha picha alichomnunulia mjukuu wake.

"Nakirudisha, mwanangu," alimwambia muuzaji. "Mbuzi aingia nyumba ya mkulima bila hodi, avaa kofia yake, ala mahamri yake, na hakuna amkanyaye! Ni adabu gani hiyo?"

Mjukuu, ambaye hata miaka saba hajatimiza, alikinyakua kitabu akakikumbatia. "Sikitoi! Bibi mwenyewe jana alicheka."

"Nilikohoa."

"Ulicheka hata mtandio ukaanguka!"

Muuzaji aliinama ghafla kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara.

Nimefundisha watoto kusoma maisha yangu yote, na sijaona hata mmoja aliyeharibiwa na kicheko. Walionikimbia ni wale niliowapa mawaidha matupu. Mbuzi wa mitaa yetu nao huingia majumbani bila hodi, na hakuna aliyewasomea kitabu.

Bibi alifungua ukurasa wa kofia ili atuonyeshe ubaya wake. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Haya, twende nacho," alisema akijifuta machozi. "Lakini ukurasa huu nausoma mimi."