Laza Tawi Kabla ya Kufunga Njia

Nakumbuka siku moja, Jumatatu ya mwezi wa sita, Songea ikiwa na baridi ile ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, nilifunga njia kumi na moja kabla ya saa nne asubuhi nikajiona shujaa.

Usicheke, mwanangu. Umekuja na daftari jipya na kalamu tatu, unasema kampuni yenu imekukabidhi kazi ya kupanga mfumo wa kusimamia API, nawe unataka mawaidha. Mimi umenikuta nachambua maharage, basi nitasema huku mikono ikiendelea. Na kwa ajili ya mama yako anayetusikiliza hapo, ambaye haya mambo hayajui, API ni njia ambazo programu moja huzipitia kwenda kuiuliza programu nyingine habari. Hakuna uchawi wowote.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, nimetoka chuo na shahada ya kompyuta, na kiburi changu kilitangulia mlangoni. Kazi yetu hii humzeesha mtu upesi, ndiyo maana leo mnaniita bibi. Nilikuwa kwenye kampuni moja ya mabasi na vifurushi, ofisi yake pale stendi, inanuka tumbaku, korosho na dizeli. Hata sasa nikisikia harufu ya korosho moyo unarudi pale.

Kompyuta yetu ilijua kila kifurushi kilipofika. Mawakala, wafanyabiashara na matawi yetu wote waliiuliza kupitia programu zao, na kila aliyehitaji alitobolewa tundu lake. Matundu yalikuwa mengi, na aliyeyatoboa mengi alikwisha kuacha kazi. Mkurugenzi akataka lango moja lenye mlinzi: kila anayeingia awe na ufunguo wake na aandikwe. Lilikuwa jambo jema, na lango lile sijalijutia hata leo.

Nilichunguza wiki nzima nione nani anapita wapi. Kila niliyemwona nilimpa ufunguo, nikamhamishia langoni. Njia kumi na moja hazikupitwa na mtu. Nikasema hizi zimekufa.

Karani wetu wa vifurushi alikuwa Mzee Komba, mtu aliyeanza kazi enzi za kuandika kila mzigo kwenye kitabu. Asubuhi ile tulipokuwa tunakunywa chai nikamsimulia mipango yangu. Akaniuliza, "Watu umewauliza?"

"Nimeangalia kwenye kompyuta, mzee. Wiki nzima hakuna aliyepita."

"Wiki nzima," akarudia. "Mama, sisi kule kijijini, ukitaka kulima mahali penye njia, unakata tawi unalilaza katikati. Unasubiri. Mwenye njia yake atakuja kukuuliza kulikoni."

Nikacheka. Nikamwambia, mzee, hapa si shambani. Yeye akasuuza kikombe chake akaenda kupokea mizigo, nami nikarudi kwenye kompyuta nikazifunga zote kumi na moja. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo, kwa sababu asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami niliambiwa hata bila kuuliza.

Wiki iliyofuata, Ijumaa, Mzee Komba akanipigia simu. "Njoo stendi, basi la Tunduru limefika."

Nilimkuta mama mmoja anashuka na binti wa miaka kama tisa begani, amevaa sweta la kijani la shule, midomo imekauka, anaomba maji kwa sauti ndogo. Mama yule hakunijua. Alinisalimia vizuri, akaniomba nimshikie mkoba ampakie mtoto kwenye teksi waende hospitali kubwa. Nikashika. Akaniambia, "Asante dada, Mungu akubariki," teksi ikaondoka, mimi nimebaki nimesimama.

Ndipo Mzee Komba akanieleza. Kuna hospitali ya misheni kule upande wa Tunduru ambayo mara moja kwa mwezi ililetewa sindano za kisukari kwa basi letu, ndani ya kasha la barafu. Kompyuta yao iliiuliza yetu kasha limefika wapi, na mfamasia alipoona limekaribia alituma bodaboda ilipokee. Njia ile alikuwa ameifungua mtu aliyenitangulia, kwa hisani tu, bila kuiandika popote. Wiki yangu ya kuchunguza haikuwa wiki yao. Basi safari hii waliuliza wasijibiwe, kasha likafika likakosa wa kulipokea, likakaa siku tatu chini ya bati mpaka barafu ikawa maji, na mfamasia hakuthubutu kumchoma mtu dawa ile. Akiba yao ilikuwa imeisha. Mtoto yule alikuwa anaisubiri.

Nililia pale pale stendi, mbele ya wapiga debe. Mzee Komba hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema tu, "Ulihesabu waliopita. Wale ambao siku yao haijafika hukuwauliza."

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Mzee alikwenda kumtazama siku ya tatu, akarudi akaniambia anakula uji na anadai kurudi nyumbani. Mimi sikuwa na uso wa kwenda.

Njia zote kumi na moja nilizifungua siku ile ile ya Ijumaa. Kisha tukakaa mezani, yeye na vitabu vyake vya zamani, mimi na kalamu. "Huyu wa tumbaku huja msimu wa masoko. Huyu fundi wa sare utamwona shule zinapokaribia kufunguliwa." Nikaandika kama mwanafunzi. Halafu tukalaza tawi: aliyepita njia ya zamani alijibiwa kama kawaida, ila juu ya jibu lake kulikuwa na maneno kwamba njia hii itafungwa, tupigie simu. Wakapiga. Fundi wa sare alikuja wa mwisho, mwezi wa kumi na mbili, analalamika kwelikweli, nami nilifurahi kumsikia. Mwaka ulipozunguka ndipo nikafunga, na hakuna aliyeumia.

Mzee Komba tulimzika kwao Namtumbo. Nikipita stendi naona kaunta yake imewekewa kioo, na hamu ya chai ile inanishika.

Mwanangu, mfumo utakaouchagua una nafasi yake, lakini usiuchague kabla hujajua nani anapita kwenu na anafuata nini. Tembea kwa miguu uwaulize makarani, maana kompyuta haimjui aliyefunguliwa njia kwa hisani. Usiache mbachao kwa msala upitao: njia ya zamani na mpya ziende pamoja msimu mzima, na mkubwa wako akikuharakisha, mwambie kuna watu siku yao haijafika. Na mzee akikuambia neno la shamba, usicheke.

Ile baraka ya stendi sikuistahili, nimekaa nayo miaka yote hii. Ichukue wewe. Mungu akubariki, mwanangu, na siku utakapofunga njia, asiwepo mtoto anayesubiri upande wa pili.