Spea Nayo ni Tairi

Baba aliendesha malori ya pamba miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi Songwa kulima dengu. Siku niliponunua gari langu la kwanza, hakuuliza bei wala rangi. Alinipa kipimo cha upepo, akachuchumaa kando ya gurudumu na kunionyesha.

"Pima asubuhi, tairi likiwa limepoa. Likishatembea linapata joto, kipimo kinakudanganya. Na spea nayo ni tairi, usiisahau."

Mwaka wa kwanza nilipima kila wiki. Baadaye nikawa natazama kwa macho tu, kisha hata kutazama nikaacha. Nafundisha Geita, na kila nilipokwenda Songwa kuwasalimia wazazi, Baba aliniuliza kama nimepima. Nilimjibu ndiyo, kama mtu anavyoitikia salamu.

Jumapili moja nikiwa kwao, Mama alikuwa akikoroga uji, mwiko ukamtoka mkononi. Nilipomfikia, mdomo wake ulikuwa umepinda na mkono wa kulia unaning'inia. Alitaka kusema, ikatoka sauti tu. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa kikiwa mapajani mwa Baba. Nikawasha gari twende hospitali, Shinyanga mjini.

"Upepo umepima?" Baba aliuliza.

"Nimepima, Baba."

Sikuwa nimepima. Tangu wiki iliyotangulia nilikuwa nikiona tairi la nyuma kushoto limebonyea kidogo, na kila siku nilijiambia nitapita kwa fundi kesho.

Barabara ya vumbi tuliimaliza salama. Tulipoingia lami nikakanyaga mafuta. Hatukufika mbali, tairi likapasuka, gari likayumba, nikalizuia kwa shida hadi likasimama kando ya shamba la pamba.

Nilipiga jeki. Baba alimwekea Mama koti lake chini ya kichwa, akashuka kunisaidia. Akaitoa spea kwenye buti na kuiangusha chini. Haikudunda hata kidogo. Akaibonyeza kwa dole gumba, ikaingia ndani. Alinitazama kidogo tu, akarudi kukaa na mkewe.

Nilisimama barabarani nikipunga mikono yote miwili. Magari mawili yalipita bila kupunguza mwendo. Basi dogo lilisimama, lakini abiria walikuwa wamejaa hadi mlangoni, na Mama asingeweza kukaa. Ndani ya gari nilimsikia Baba akizungumza naye kwa Kisukuma, taratibu, akimweleza kwamba dengu mwaka huu zimekubali, na kwamba mbuzi yule mweupe atazaa karibuni.

Ilipita saa nzima na zaidi ndipo lori likasimama. Dereva, mtu wa makamo, akateremka na kumsalimia Baba dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Dereva hakuuliza mengi. Alivuta mpira wa upepo kutoka kwenye lori lake, akaijaza spea, akaifunga yeye mwenyewe kwa sababu mimi nilikuwa nadondosha nati.

"Nendeni, dada. Mwahisheni mama."

Mama alifariki hospitalini saa nane mchana. Daktari alisema damu ilikuwa imevuja sana kichwani. Nilitaka kumuuliza kama ile saa ya barabarani ingebadilisha lolote. Swali lilinifika mdomoni mara mbili, nikalimeza. Mpaka leo sijui.

Wiki tatu baada ya mazishi nilirudi Songwa. Nilimkuta Baba uani, anapepeta dengu kwa ungo, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya.

"Baba, siku ile nilikudanganya."

"Najua."

"Mbona hukuniambia kitu?"

Aliweka ungo chini. "Nililiona lile tairi tukimwingiza mama yako garini. Nimekaa barabarani maisha yangu yote, ningekosaje kuliona? Lakini nilitaka twende. Nilikuuliza ili useme umepima, nami nipate la kuamini."

Niliketi kwenye kigoda kando yake, nikalia. Aliniacha nilie. Wakati mwingine nafikiri alisema kweli. Wakati mwingine nafikiri hakuona chochote, ila alijitwika nusu ya mzigo wangu kwa sababu ni baba.

Nilipotulia aliniomba nimsaidie kuhamisha kitanda. Tangu msiba alikuwa akilala kwenye mkeka sebuleni. Chumbani alishindwa kulala peke yake. Nilishika upande wa kichwani, yeye akashika wa miguuni. Mlango ulikuwa mwembamba, ikabidi tukilaze ubavu, tupumzike, tukisukume tena. Tulipokiweka chini ya dirisha la sebuleni na kurudisha godoro, Baba aliketi ukingoni, akapitisha kiganja juu ya godoro, upande wa ukutani alikokuwa akilala Mama.